Mabula, Telegramu Ile Niliituma Mimi

Mabula mdogo wangu, ilumbu lyane, ndugu yangu wa tumbo moja,

Hapa Sapiwi mvua ya kwanza imenyesha juzi. Ilianza asubuhi ikaendelea mpaka ng'ombe wanarudi zizini. Udongo wa kaburi lako umetitia kidogo upande wa miguuni, na Masanja, mwanao mkubwa, amekwenda na jembe kuusawazisha. Mimi nimebaki barazani kwako na daftari. Nimefundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, nimeandika ubaoni mpaka bega likalegea, lakini sijawahi kuandika kitu kilichonitoa jasho kama hiki.

Barua hii sitaitia kwenye bahasha. Masanja nimemwambia nikimaliza aichukue, aipeleke Bariadi ikapigwe chapa, kisha aisambaze anavyotaka, hata kwenye hizo simu zao. Wewe ulisemwa hadharani, magazetini na redioni. Haitakuwa haki mimi nikiri uvunguni.

Watu wengi wanakukumbuka ukiwa golini. Mimi nakukumbuka juu ya lori la pamba. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na msimu wa kuuza ulipofika tulikwenda mimi na wewe mpaka ghala la ushirika na pamba yetu. Ulikuwa darasa la saba, mrefu kuliko mwalimu mkuu. Wanaume walikuwa chini wanarusha mafurushi, wakakosa mtu wa kuyapokea juu ya lori, ukapanda wewe. Walipoona hukosi hata moja wakaanza kukutania, wanarusha kushoto makusudi, wanarusha juu, wanarusha mawili kwa pamoja. Ukayadaka yote. Karani wa mizani, aliyekuwa pia anafundisha timu ya kiwanda cha kuchambua pamba pale Bariadi, akaacha kupima akasimama anakuangalia.

"Kijana, mpira umewahi kuudaka?"

"Bado. Lakini ukiwa mdogo kuliko furushi, nitaudaka."

Watu walicheka mpaka mizani ikasahaulika. Mwaka uliofuata ukawa kipa wa timu ya kiwanda. Baadaye ukachukuliwa Mwanza, kisha Dar es Salaam, na kabla hatujazoea kukukosa mezani ukaitwa timu ya taifa.

Siku uliyocheza mechi yako ya kwanza nje ya nchi tulijazana kwa jirani yetu mwenye redio. Mama aliwekewa kigoda mbele kabisa. Mtangazaji alikuwa anapiga kelele, "Mabula! Mabula! Mabula!" na watu wanashangilia. Mama akanishika mkono, akaniuliza kwa Kisukuma, kwa hofu ya kweli, "Mbona wanamfokea mwanangu? Amewakosea nini?" Nikamwambia hawakufokei, wanakusifu, umeokoa penalti. Akauliza penalti ni nini. Nikamweleza kwamba ni mtu mmoja anapewa nafasi ya kukupiga kwa mpira akiwa karibu, na wewe huruhusiwi kukimbia. Akasema, "Basi kazi hiyo si nzuri."

Ukaja likizo miezi michache baadaye. Ilikuwa ndiyo miaka ile mambo yalipoanza kulegezwa, ruksa hiki, ruksa kile, maduka ya Bariadi yakaanza kuonekana na vitu. Sisi bado tulikuwa na kumbukumbu mbichi ya foleni za sabuni, tunafua kanga kwa maji matupu na kuzianika kwa matumaini. Ukamletea mama boksi zima la sabuni za kunukia. Hakuoga nazo. Alizipanga sandukuni katikati ya nguo zake, na kila akivaa kwenda kanisani akawa ananukia Dar es Salaam. Ukacheka sana. Ulikuwa umevaa jinzi na viatu vya raba vyeupe, watoto wangu wa darasa la tatu wakashindwa kusoma, wote macho dirishani.

Ulikaa siku nne ukaondoka. Ukasema utarudi Krismasi.

Mabula, hukurudi Krismasi ile, wala iliyofuata, wala iliyofuata tena. Barua zilikuja mwanzoni, fupi, zina stempu za nchi za watu. Kisha hata hizo zikakatika. Sikulaumu. Nilikuwa nikisikia jina lako redioni, nikijua kwamba mtu ambaye nchi nzima inamtazama mikono hana muda wa kushika kalamu. Lakini mama alikuwa hasikilizi tena redio. Alisema inampa sauti ya watu wengine wakimwita mwanawe, na yeye mwenyewe hana wa kumwita.

Halafu akaugua. Miguu ilivimba, kifua kikabana, tukamlaza hospitali ya wilaya wiki mbili. Daktari akatupa dawa akasema tumrudishe nyumbani ale, apumzike. Dawa alimeza. Chakula hakula. Aligeukia ukutani. Nikimpelekea uji ananiuliza, "Mabula amefika?" Nikisema bado, anafumba macho.

Nilikwenda posta Bariadi kwa baiskeli, nikatuma simu ya maandishi kwa anwani ya klabu yako: MAMA MGONJWA NJOO. Tukangoja. Wiki mbili kimya. Nikaenda tena, nikaandika MAMA MGONJWA SANA NJOO UPESI, nikaituma klabu na nyingine nikaielekeza kambi ya timu ya taifa. Kimya. Mama alikuwa amebaki macho na mifupa.

Mara ya tatu nilisimama mbele ya dirisha la posta na kalamu mkononi, nikaona neno mgonjwa halina nguvu tena. Nikaandika MAMA AMEFARIKI NJOO. Nikatia jina langu chini, Minza.

Karani wa posta alisoma, akahesabu maneno, akainua uso. "Pole sana, mwalimu," akaniambia.

"Ahsante," nikamjibu. Nikapokea pole ya mama yangu aliye hai.

Wewe unajua kwetu hilo ni jambo gani. Kumtamkia mzazi kifo kwa kinywa chako ni sawa na kumchimbia kaburi. Niliendesha baiskeli kurudi Sapiwi. Nilijipangia kwamba nitakungoja njia panda, nikueleze kabla hujafika nyumbani, ukasirike huko huko njiani kisha tuingie kwa mama tukiwa tumepatana. Nikahesabu siku za treni mpaka Malampaka, na siku ya lori kuja Bariadi, nikaona utafika Alhamisi.

Ulifika Jumatano. Nilikuwa darasani nafundisha kugawanya. Nikasikia mwanamume analia barabarani kwa sauti, kilio cha msiba hasa, na sauti hiyo nikaijua. Niliacha chaki nikakimbia.

Nilikukuta umeshaingia uani. Ulikuwa umenyoa kipara. Ulikuwa na begi moja begani, vumbi la lori limekufanya uso mweupe, na machozi yamechora njia mbili mpaka kidevuni. Majirani wametoka, wanatazamana, hakuna anayejua nani amekufa. Hakuna moto wa matanga, hakuna wanaume waliokaa nje. Na mlangoni, ameshika mhimili kwa mikono miwili, alikuwa mama. Alikuwa ameamka kwa kilio chako. Wiki tatu hajasimama.

"Mabula," akasema. "Nani kafa?"

Ukamtazama. Kisha ukanitazama mimi niliyekuwa nahema nyuma yako. Nilitaka ardhi inimeze. Sijui ulisoma nini usoni kwangu, lakini ulielewa yote, nami nikaona umeelewa. Taya ilikukaza kama mtu anayetaka kupiga. Halafu ukamgeukia mama, ukaenda ukapiga magoti mbele yake.

"Hakuna aliyekufa, mayu. Nalia kwa kukuona."

Akacheka. Alikuwa amekonda hata kicheko kilimtikisa mwili wote. Akakushika kichwa kile chenye kipara, akauliza kwa nini umenyoa kama mfiwa. Ukasema Dar kuna joto. Akauliza umemletea nini, kwa maana mtoto hatoki mbali mikono mitupu. Ukafungua begi polepole, ukatoa kitambaa cheupe, kipya, kimekunjwa vizuri. Mimi nilijua ni nini. Majirani wazee walijua pia, maana waliangalia chini.

"Shuka, mayu," ukasema.

Jioni ile alikula ugali kwa maziwa, akakulisha na wewe kama mtoto mdogo. Shuka lile alitandikiwa kesho yake, akalilalia. Na kwangu hukusema neno siku mbili nzima. Siku ya tatu ulinikuta kisimani ukaniambia jambo moja tu: "Mama asisikie. Milele."

Jumamosi redio ya jirani ilitangaza kwamba timu yetu ya taifa imefungwa matatu. Golini alikuwa kipa wa akiba, Rajabu. Mtangazaji hakusema uko wapi. Ulikuwa umekaa chini ya paa la ghala letu unatengeneza mpini wa jembe, na ulipigilia kabari ile mpaka mti ukapasuka.

Wiki iliyofuata ndipo walipokuja wageni. Enzi hizo bado tulikuwa mkoa wa Shinyanga, na viongozi wawili wa mpira walitumwa kutoka huko na Landrover, wamebeba mfuko wa sukari na barua ya rambirambi. Watu wema kabisa. Walishuka na nyuso za msiba. Mama alikuwa ameanza kukaa nje, anachambua karanga, akawaona kabla yetu.

"Mwadila! Karibuni, karibuni," akawaita. "Minza, wape wageni michembe, viazi vimekauka vizuri mwaka huu."

Mmoja wao akaanza, "Mama, pole. Sisi tumekuja kwenye..." akasita. "Samahani, wewe ni nani wa Mabula?"

"Mimi si ndiye mama yake!"

Ulitoka zizini kama ulivyokuwa ukitoka golini, hatua tatu ukawa umefika. Ukawasalimia kwa kicheko, ukawashika mabega, ukawasukuma taratibu mpaka kwenye gari lao. Nilikufuata. Nilikuwa nimeshaamua kusema. Nilifungua mdomo nikasema, "Ndugu zangu, mwenye kosa..." Ukanikata.

"Mwenye kosa ni mimi. Nilitaka kurudi nyumbani, mkaninyima ruhusa, nikasema mama amekufa. Nimedanganya. Andikeni hivyo."

Mzee yule aliyekuwa na barua alikutazama kwa huzuni. "Mabula, unajua utafanywa nini?"

"Najua."

Gari liliondoka na sukari yake. Mama akauliza wale walikuja kufanya nini. Ukasema walipita kukusalimia. Akasikitika kwamba hawakula michembe.

Hati ya kuitwa kwenye kamati ya nidhamu ilikuja kabla mwezi haujaisha. Ulikwenda Dar, ukarudi baada ya siku kumi na mbili. Miaka miwili hutacheza mpira, na timu ya taifa hutaitwa tena. Gazeti nililiona dukani likiwa limeshakatwa nusu kufungia sukari, lakini nusu iliyobaki ilinitosha: kipa aliyetoroka kambi kwa msiba hewa. Wakaandika kwamba wachezaji wa kizazi hiki wameharibiwa na uhuru mwingi, kila kitu kwao ni ruksa. Nililinunua gazeti lile nikalichoma jikoni, kana kwamba lilikuwa moja tu nchi nzima.

Ukabaki nyumbani. Wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuja huku kwetu, na ushirika ukaanza kuyumba, ulipata kazi ya mizani kwa mmoja wao kule Lalago, kisha ukarudi Bariadi. Watu walikuja na pamba, wanakutazama mikono badala ya kutazama mizani. Wengine walikuheshimu, wengine walikuchokoza. Mlevi mmoja alikuwa akipita anapaza sauti, "Mabula, nani kafa leo?" Hukumjibu hata siku moja. Ukaoa, Masanja akazaliwa, dada zake wakafuata. Mama akapona miguu, akarudi kwenye mbuga yake ya mpunga. Kwa kila mtu aliyemkuta alisema mwanawe aliiacha serikali yote Dar akaja kumwona alipougua, na kwamba mtoto wa namna hiyo hazaliwi mara mbili.

Kila aliposema hivyo mimi nilitafuta kazi ya kufanya kwingine.

Kifungo chako kilipokwisha nilidhani utaondoka. Klabu moja ya Mwanza ilikutumia mtu. Ukakataa. Ndipo nilipokufuata shambani. Tulikuwa msimu wa kuchuma, mifuko imetufunga viunoni, nikakuambia bila kukutazama, "Mabula, nisamehe. Nilikuulia mpira wako. Kama wale watu wa Dar wasingekuwa wanaficha simu zangu za mwanzo, nisingefika pale. Lakini nilifika, na nimekuharibia maisha."

Uliendelea kuchuma mpaka mwisho wa mstari. Kisha ukarudi ukasimama mbele yangu.

"Dada, hakuna aliyeficha. Zile mbili za kwanza nilizipata."

Sikuelewa.

"Nilizipata zote. Ya kwanza nikasema, mama alikuwa mgonjwa hata mwaka juzi, atapona. Ya pili nikasema, mechi ikiisha. Nikaikunja nikaiweka kwenye kiatu cha akiba." Sauti yako ilikuwa ya kawaida kabisa, kama unanitajia uzito wa gunia. "Ungeandika mgonjwa mara kumi nisingekuja. Nimekuja kwa sababu uliniambia amekufa. Mtoto asiyekuja kwa mama yake mpaka asikie amekufa, wewe unataka kamati imwambie nini? Walinihukumu kwa kosa ambalo silo. Lakini hukumu nilistahili."

"Ungewaonesha tu ile karatasi."

"Ina jina lako. Na magazeti yangeandika mama alitangazwa kufa na binti yake, na siku moja mtu angemsomea. Acha, ilumbu. Tuchume."

Tukachuma. Sikukuuliza tena, nawe hukusema tena, mpaka mwisho.

Mama aliishi miaka sita baada ya siku ile ya kilio. Alipokufa kweli ulikuwa umemshika mgongo ukimnywesha maji. Hakuna aliyehitaji kutumiwa simu.

Na wewe sasa. Ugonjwa wa figo haukukupa nafasi ya kudaka hata mara moja. Uliondoka hospitali ya Bariadi asubuhi, nikiwa nimetoka tu nje kukununulia chai. Hilo nalo nitalibeba, ila ni dogo, litabebeka.

Masanja aliniomba niandike wasifu wako wa kusomwa mazikoni, maana mimi ndiye mwalimu wa ukoo. Niliandika vizuri ulipozaliwa, uliposoma, timu ulizochezea. Nilipofika kwenye kambi ile, kalamu ikasimama. Nikaandika: alistaafu soka la kimataifa kwa hiari yake akarudi kulea familia. Fikiria, Mabula. Mara ya pili maishani mwangu nimekaa na karatasi nikaandika uongo juu ya watu wangu.

Niliusoma mwenyewe mbele ya umati. Kiongozi wa michezo aliyefuata, kijana aliyevaa suti, hakuwahi kukuona ukicheza. Akasema maneno mazuri, akamalizia kwamba vijana wajifunze kutoka kwa marehemu, kwamba kipaji bila nidhamu hakifiki mbali. Niliona shingo ya Masanja inavimba. Nilikuwa nimekaa mita tano kutoka kwenye kipaza sauti. Sikuinuka.

Watu walipotawanyika, mzee mmoja mwenye kofia ya kitenge na fimbo alibaki. Alinisogelea akanisalimia Kiswahili cha pwani, laini.

"Shikamoo dada. Mimi Rajabu. Nimetoka Tanga juzi, nimelala Shinyanga. Wewe ndiwe Minza?"

Alikuwa kipa wako wa akiba. Nikakaa.

"Dada, wasifu umeusoma vizuri, ila hakustaafu yule. Mimi nilikuwepo. Telegramu ilipoletwa na askari wa getini tulikuwa mazoezini, glovu zake zimelowa, akanipa mimi nimsomee. Nikasoma. Akasema, soma tena. Nikasoma tena. Akavua glovu akanivisha mkono mmoja, kisha wa pili, kama anavyovishwa mtoto. Meneja akamwambia, Mabula, hata ukiondoka sasa utakuta wameshazika, cheza Jumamosi, Jumapili tutakusafirisha. Akamjibu, mama yangu hawezi kuzikwa mimi nikidaka mpira. Akapitia mlango wa jikoni akaenda zake."

Akaketi kando yangu kwenye mkeka.

"Kwenye kamati waliniita shahidi. Wakaniuliza, hiyo telegramu uliiona? Nikamtazama. Akatikisa kichwa, kidogo hivi. Nikasema sikuiona. Kisha nikapewa namba yake, nikaivaa miaka saba. Dada yangu, nimekuja kuzika, lakini nimekuja na swali pia. Mama alikuwa amekufa au hakufa?"

Ni mtu wa kwanza kuniuliza. Miaka yote hiyo hakuna aliyeuliza, wote walidhani wanajua. Nikamwambia. Nilimwambia kuanzia dirisha la posta mpaka shambani kwenye pamba, na zile simu mbili za mwanzo pia, maana nisingeweza kukusafisha kwa kufuta kidoa kimoja na kuacha kingine kimefichwa. Alisikiliza ameegemea fimbo, macho chini.

"Waite wanawe," akasema. "Sema tena hayo hayo mbele yao. Mimi nitakaa hapa."

Nikawaita. Masanja, dada zake wawili, na mjane wako. Nikasema tena. Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu Masanja ana macho yako. Mjane wako alilia. Alisema alikuwa anajua kuna jambo, kwa jinsi ulivyokuwa ukizima redio kila mpira ukitangazwa, lakini hakutaka kukuchimba.

Nilingoja Masanja anifukuze kwenye mji wake, na ningeondoka bila kinyongo.

"Shangazi," akasema mwishowe, "bibi aliishi miaka mingapi baada ya hapo?"

"Sita."

"Na baba alikuwa hapa yote sita?"

"Alikuwa hapa."

Akaitikia kwa kichwa. Akatazama upande wa kaburi. "Mimi nilikuwa naona aibu," akasema. "Shuleni waliniita mtoto wa mtoro. Nilikuwa naona aibu naye, na yeye alikuwa anajua." Hilo, Mabula, ni langu. Limewekwa mezani, na sitatafuta wa kunisaidia kulibeba.

Ndipo Rajabu akaanza kusema, taratibu, kama anayejisemea mwenyewe.

"Miaka minne baada ya Mabula kufungiwa, mama yangu alifariki Tanga nikiwa kambini. Msiba wa kweli, si wa telegramu. Niliambiwa Alhamisi. Dar na Tanga ni mwendo wa asubuhi moja tu. Nikafikiria yaliyompata mwenzangu, nikakaa. Jumamosi nikadaka. Tulishinda moja bila. Jumatatu wakanisimamisha mbele ya wachezaji wote, wakanipongeza kwa nidhamu, wakanipigia makofi." Akapangusa uso kwa kofia yake. "Kaburi lake nilioneshwa na jirani."

Masanja aliinuka, akamshika mzee yule mkono, akamwingiza ndani ale.

Basi, mdogo wangu, yote nimeyaandika na jina langu nimelitia. Waliokuita mtoro wasome. Waliokuita mwongo wasome, wajue mwongo yuko Sapiwi, ana nywele nyeupe, na mlango wake uko wazi kwa atakayetaka kumwuliza. Ukimkuta mama huko uliko, sasa unaweza kumwambia. Nadhani atatucheka sote wawili.

Pumzika kwa amani, ngosha, mwanamume hasa.

Mimi dada yako,
Minza